Milimita za lenzi hazisemi itafunika filamu ya ukubwa gani

Wapiga picha wengi wanaotumia kamera kubwa za filamu huamini kwamba lenzi yenye milimita nyingi lazima ifunike filamu kubwa zaidi. Imani hiyo ina msingi: kwa lenzi za muundo mmoja, urefu wa fokasi (ndizo hizo milimita) ukiongezeka, eneo linalofunikwa nalo huongezeka.

Ila miundo inatofautiana sana. Cha kuangalia ni duara la taswira, yaani eneo ambalo lenzi hulichora vizuri. Sehemu ya picha kwenye filamu ya inchi 4 kwa 5 ina takriban milimita 153 kutoka kona hadi kona. Lenzi nyingi za pembe pana za milimita 90 hutoa duara linalozidi milimita 200, ilhali zipo za kuvuta mbali za milimita 270 zinazotoa 160 tu. Hizo ukizipandisha kidogo kupiga jengo refu, kona zinaingia giza.

Ni vyema upime kabla ya kulipa. Funga lenzi, lenga mbali, punguza tundu la kupitishia mwanga hadi f/22 (dogo sana), kisha chungulia kupitia kona zilizokatwa za kioo cha ukungu, kile cha nyuma ya kamera kinachoonyesha taswira. Ukiliona tundu zima, mwanga unafika. Likionekana limemegwa, umevuka ukingo. Ukali wa kona utaujua kwa kupiga filamu moja.