Je, wajua kwa nini Sheng, lugha ya mtaani ya vijana wa Kenya, huzeesha hadithi ya vijana?

Nilidhani jibu ni rahisi: ukitaka msomaji wa miaka 15 amwamini mhusika wako, mpe Sheng. Basi nikaandika hadithi ya mvulana wa Nairobi, nikamtilia "jirongo" mfukoni. Mpwa wangu akasoma hadi hapo, akainua macho. "Anko, huyu ni kijana ama ni babake?"

Jirongo ni noti ya shilingi 500. Ilibandikwa jina la Cyrus Jirongo, kiongozi wa YK'92, kundi lililompigia debe Rais Moi katika uchaguzi wa 1992 na kusifika kwa kumwaga pesa. Mvulana wangu hakuwa amezaliwa. Neno lilikuwa halisi kabisa. Aliyelitamka ndiye bandia.

Nikadhani dawa ni kutafuta maneno mapya. Nilikosea tena, na kosa hili la pili ndilo kubwa, kwa sababu nilikuwa bado naichukulia Sheng kama orodha ya maneno. Ifikirie kama kufuli. Vijana wakipiga gumzo nyuma ya matatu, nusu ya utamu ni kwamba abiria wa mbele haelewi. Siku mzazi akipata ufunguo, kufuli hubadilishwa, na mafundi hawakosekani: "stori" ilipinduliwa silabi ikawa "risto". Mwandishi naye, hadi amalize kuandika, mhariri akate, kitabu kichapwe na kifike dukani, anashika ufunguo wa mlango uliong'olewa zamani.

Si maneno yote hufa, lakini. "Matatu" lenyewe inasemekana lilitokana na nauli ya mapeni matatu, na leo limo kwenye kamusi. Ila kujua mapema ni lipi litakaloponyoka ni kubahatisha.

Kisichochacha upesi ni ule mgeuko wa usemi. Kijana anamsalimu rafiki "niaje", simu inalia, ni nyanya yake, sauti inashuka: "Ndiyo, shosho. Nimekula, shosho." Akikata, anaimalizia ile sentensi aliyoiacha njiani kana kwamba shosho hakupiga. Hapo msomaji anausikia ujana, hata kama maneno mengine yote ni Kiswahili cha kawaida.

Nikafuta Sheng karibu yote, nikabakiza "niaje", nikaongeza simu. Mpwa wangu alisoma hadi mwisho. Alitaka kujua jambo moja tu: ni lini nilimsikiliza akiongea na shosho.