Miaka Si Yangu, Niliandikiwa

"Mwanangu, hii miaka si yangu. Niliandikiwa."

Aliniambia hivyo bi mmoja wa Kisauni huku akifungua pindo la leso na kunitolea kipande chake, yaani kitambulisho. Mwaka wa kuzaliwa: 1959. Mwanawe wa kwanza, aliyemleta kwa bodaboda, kipande chake ni cha 1970. Kwa hesabu ya serikali, mama huyu alijifungua akiwa na miaka 11.

Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii, na kazi yangu hapa Mombasa ni ya wazee. Nikiulizwa siasa inamgusa vipi ajuza asiyetoka uani, huanzia kwenye kipande. Kile cha mkoloni kilikuwa cha wanaume. Wanawake walianza kuandikishwa baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978, na wengi hawakuwa na karatasi yoyote ya kuzaliwa. Karani alimtazama mtu usoni, akakisia. Bi huyu alikuwa mwembamba, akapewa ishirini. Siku hiyo alicheka. Leo hacheki, kwa sababu pesa za wazee za Inua Jamii, mpango wa serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za waliotimiza miaka 70. Yeye ameipita zamani, ila sabini yake ya kwenye karatasi ni 2029.

Tena hiyo sabini yenyewe ina maneno. Katiba ya 2010, Kifungu 260, inamhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60, na Kifungu 57 kinamtaka aishi kwa heshima, asidhulumiwe, atunzwe na jamaa zake na serikali pia. Kati ya sitini ya Katiba na sabini ya pesa kuna miaka kumi ambayo mtu ni mzee wa maneno matupu. Mstari huo ulichorwa na watu waliokaa na bajeti mbele yao, na watu hao huja kuomba kura.

Lugha yetu nayo ina ujanja wake. Mzee ni cheo. Mheshimiwa wa miaka arubaini huitwa mzee na madereva wake, na nimewaona wazee wa mtaa wenye umri wa wajukuu wa hao wanaowaandikia barua. Mzee wa aina hiyo hujua orodha ya pesa hizo inaandikwa lini. Chifu akiitisha baraza saa nne asubuhi, walio karibu naye wamepata habari tangu jana usiku. Bi mwenye magoti mabovu atasikia baada ya wiki mbili, kwenye matanga ya mtu, orodha ishafungwa. Sisemi kuna njama, mara nyingi hakuna. Huyu anajulikana, yule hajulikani, basi.

Aliyeandikwa naye ana yake. Pesa zilipokuwa zikichukuliwa benki kwa alama za vidole, waliosuka makuti na kuvuta nyavu maisha yao yote walikuwa wakikataliwa na mashine, vidole vimelika, laini kama sahani. Kila mmoja akawekewa mtu wa kumchukulia, mara nyingi mwanawe. Kuna wana wanaoleta senti zote na risiti juu. Kuna wanaoleta unga na sukari wakasema serikali imechelewesha, na kwa kuwa serikali kweli huchelewesha, mama hana la kubishia.

Lakini ukiniuliza mimi, elfu mbili ni jambo dogo. Kubwa ni nyumba. Ajuza wengi wa Majengo na Likoni hula kwa vyumba: nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, yeye chumba kimoja, vingine wapangaji. Hiyo ndiyo pensheni yake. Sasa uliza ardhi ni ya nani. Mombasa mtu anaweza kumiliki kuta na paa, kiwanja kikawa cha mwingine anayelipwa kodi, mambo yaliyoanzia kwenye sheria ya ardhi ya 1908, waliojua ofisi walipoandikisha madai yao na wengi wasiojua wakabaki nje. Mume akifa akiacha watoto, fungu la mke Muislamu ni thumuni, moja ya nane. Thumuni ya kuta zilizosimama juu ya ardhi ya mtu! Mwenye kiwanja akipata mnunuzi, wana hukutana wakakubaliana barazani, na mama huletewa chai na habari pamoja. Nimekaa kwenye mazungumzo hayo. Mama huulizwa mwisho, na huulizwa hivi: "Si ni sawa, mama?"

Ukivuka Mtwapa kuingia Kilifi, mvi na shamba vikikutana kwa mtu mmoja huitwa uchawi, na watu wameuawa kwa hilo. Hiyo inataka siku yake.

Bi wa Kisauni tulimwandalia kiapo, nakala za vipande vya wanawe wote, na barua ya daktari wa serikali ya kukadiria umri. Faili limepokelewa. Wiki iliyopita nilimpigia kumwambia aje na picha mbili za pasipoti. Simu ilipokewa na mjukuu, akaniambia nyanya amelala, nimwachie yeye ujumbe. Ilikuwa saa tano asubuhi, na nyuma yake nilimsikia bi akiuliza ni nani huyo.