CPU si boksi la kompyuta

Nimevumilia mengi. Nimevumilia "memori" kuwa jina la ramu, la hadidiski na la flashi kwa mpigo. Ila juzi hapa Mtwara, kijiweni Chuno, nimemsikia kijana akimwambia mwenzake, "CPU yangu nimeipulizia rangi nyeusi, inang'aa balaa." Nikaona hapana, hili tuliseme.

CPU, yaani Central Processing Unit, ni prosesa. Kichakataji, kwa Kiswahili cha vitabuni. Ni kipande cha silikoni kilichofunikwa kofia ya chuma, kinakaa kwenye soketi ya madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, chini ya feni yake, na kazi yake ni kusoma maagizo ya programu na kuyatekeleza. Basi. Lile dude la bati unaloliweka chini ya meza ni boksi, au keisi. Ukilipulizia rangi hewala, ila prosesa usiipulizie.

Tatizo letu liko kwenye herufi ya katikati, P ya "processing", yaani kuchakata, na watu wa Kusini hatuna kisingizio, maana neno lenyewe tunalisikia kila siku. Korosho tunabangua, gesi tunachakata. Pale kiwandani Madimba gesi ghafi ya Mnazi Bay inaingia, inatolewa maji na takataka nyingine, halafu ndiyo inasukumwa kwenye bomba la Dar es Salaam. Kuna visima, kuna bomba, kuna mitambo ya umeme kule mwisho, na katikati yake kuna mahali pa kuchakata. Sijawahi kumsikia mtu anaita mfumo mzima, kuanzia kisimani mpaka Dar, "Madimba". Sasa kwenye kompyuta, ramu (kumbukumbu ya kazi inayoendelea), diski, pawasaplai na kadi ya grafiki vyote tunavibatiza jina la sehemu moja inayochakata. Kwa nini?

Nikiwa mkweli, kosa hili lina wazee wake. Mwaka 1945 mwanahisabati John von Neumann alipoandika maelezo ya kompyuta iitwayo EDVAC, aliitenga sehemu ya kati ya hesabu, akaitenga sehemu ya kati ya udhibiti, na kumbukumbu akaiweka kando kabisa. Kwa hiyo toka mwanzo ramu ilikuwa kitu kingine. Lakini mashine za miaka ile zilijaza chumba. Hata IBM walipotangaza kompyuta zao za System/360 mwaka 1964, sehemu ya kuchakata ilikuwa kabati zima, huku tepu na diski zikiwa kwenye makabati yao. Fundi wa wakati huo akinyoosha kidole kwenye kabati na kusema "CPU ile pale", hakukosea. Mwaka 1971 Intel wakatoa 4004, prosesa nzima kwenye chipu moja yenye transista (swichi ndogo ndogo za umeme) 2,300, iliyobuniwa kwa ajili ya kikokotoo cha kampuni ya Kijapani, Busicom. Kabati likaingia kwenye ukucha. Jina likahama nalo, sisi tukabaki tunakodolea kabati. Mimi mwenyewe darasani nilichorewa monita, kibodi, mausi na boksi, na kwenye boksi mshale umeandikwa CPU. Nikapata vema.

Mtu atasema, si maneno tu hayo, mbona tunaelewana? Tunaelewana mpaka pesa itoke.

Mpwa wangu alikuwa anajenga kompyuta ya gemu kwa pesa ya msimu wa korosho, pesa ya kuhesabu. Akampata muuzaji Dar, akamuuliza kwa meseji, "CPU i5 shingapi?" Akajibiwa elfu thelathini na tano. Akatuma pesa mbio mbio kabla jamaa hajabadili mawazo. Siku mbili baadaye akaja kwangu kutoka stendi na kifurushi kilichozungushiwa selotepu mpaka kikawa kama yai. Tukakifungua barazani. Ndani kulikuwa na kijipande cha mraba, upande wake haufiki hata sentimita nne, mgongoni kimeandikwa i5-3470, tumboni kina vidoa 1,155 vya rangi ya dhahabu.

"Mjomba, na nyingine iko wapi?"

Hakuna aliyemdanganya. Aliomba CPU, akaletewa CPU. Nadhani ndiye mteja pekee wa mwaka ule aliyepewa alichokitaja.

Tulipona kwa bahati. Tulipata desktopu iliyotumika ofisini, ya boksi pana, yenye prosesa ya i3, mdogo wake i5, ya kizazi hicho hicho na soketi hiyo hiyo ya 1155. Tukang'oa i3, tukafuta grisi kuukuu ya joto, tukapaka mpya tone moja, tukapachika yake. Kadi ya grafiki tukachagua GTX 1050 Ti isiyodai waya wa pembeni, kwa sababu inakula wati 75, na hizo nafasi ya kadi kwenye madabodi inaweza kuzitoa yenyewe. Angenunua yale maboksi membamba ingebidi atafute kadi fupi, na hizo hazipatikani ovyo.

Na hapa ndipo jina baya linapomtia mtu hasara ya pili. Aliyezoea kuita boksi lote CPU, akisikia "gemu inataka CPU kali" anamwaga bajeti yote kwenye prosesa, wakati kwa gemu nyingi mchoraji wa picha ni GPU, prosesa ya kwenye kadi ya grafiki. Au ananunua prosesa mpya ya Intel yenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, bila kujua kwamba F maana yake haina grafiki ya ndani. Bila kadi, monita itabaki nyeusi. Halafu kuna hili la "ni i5 hiyo, usiwe na wasi". i5-2400 ya mwaka 2011 ina viini 4, yaani vichakataji vinne ndani ya chipu moja. i5-12400 ya 2022 ina viini 6 na nyuzi 12, yaani inashika kazi 12 kwa mpigo, na hata soketi hawachangii.

Sisemi ukamsahihishe kila mtu mbele za watu. Ila ukienda dukani, ukitaka boksi zima sema desktopu nzima, ukitaka chipu sema prosesa na namba yake yote. Neno CPU liache mpaka mwenzako ajue unamaanisha nini.

Mpwa wangu siku hizi ana namna yake. Wiki iliyopita rafiki yake alimwambia anauza CPU. Akamuuliza, "Ya kiganjani au ya begani?"

"Ya begani."

"Na ndani yake mna prosesa gani?"

Jamaa akakuna kichwa, akarudi nyumbani kuiwasha aangalie.