"Hiyo rangi inaitwaje?" Dhana potofu kuhusu plasta ya Venice na namna ya kuijifunza

Kila ninapomwonyesha mtu ukuta niliomaliza, swali la kwanza huwa hilo. Naelewa linatoka wapi. Ukuta unang'aa kama jiwe lililosuguliwa, ndani yake kuna mawingu mawingu, na jicho linasema hiyo ni rangi ya bei kubwa. Tatizo ni kwamba anayeanza kujifunza na wazo hilo kichwani hununua vifaa visivyomfaa na kulipia mafunzo yasiyomfaa. Nimeona vijana wenye mikono mizuri wakiiacha kazi hii kwa sababu hiyo, na inaniuma.

"Ni rangi tu ile"

Plasta ya Venice ni chokaa. Jiwe la chokaa huchomwa tanurini kwa joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi hadi hewa ukaa iliyomo itoke. Kinachobaki humwagiwa maji, kikachemka na kuwa rojo zito jeupe. Rojo hilo huachwa likae miezi mingi, hata miaka, kisha huchanganywa na unga wa marumaru, yaani jiwe lenyewe, si vigae vya sakafuni. Likishapakwa ukutani huvuta tena hewa ukaa na polepole kurudi kuwa jiwe. Mng'ao hautoki kwenye vanishi. Unatoka kwenye mkono unaokandamiza chembe zile kwa mwiko hadi zilale.

Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba ukuta mzuri upate matabaka matatu ya chokaa na mchanga, kisha matatu ya chokaa na unga wa marumaru, kila tabaka laini kuliko lililotangulia. Katika karne ya 16 msanifu Mwitalia Andrea Palladio alijenga nguzo za matofali na kuzivika marmorino, yaani plasta hiyo ya chokaa na unga wa marumaru, zikaonekana za mawe. Kwa Venice yenyewe, huko Italia, ilikuwa na maana zaidi: mji umesimama juu ya magogo yaliyokitwa matopeni, na unyevu wa chumvi hupanda ukutani mwaka mzima. Plasta ya chokaa ni nyepesi kuliko mawe, na inaruhusu unyevu huo kutoka.

"Ni ufundi wa Wazungu, sisi hatuna asili nao"

Watu wa pwani yetu wamechoma matumbawe kupata chokaa kwa karne nyingi. Neno niru, yaani chokaa ya kupaka ukutani, si geni Lamu wala Unguja, na zidaka (vishubaka vya ukutani) za nyumba za mawe za Lamu zimechongwa kwenye plasta hiyo hiyo ya chokaa. Si ufundi ule ule wa Venice, lakini tabia ya chokaa ni moja. Kama uko karibu na fundi mzee anayekarabati nyumba za Mji Mkongwe, mwombe umshikie ndoo wiki moja. Utajifunza jinsi chokaa inavyokauka, jinsi ukuta unavyoinyonya, na kwa nini saruji ikipigwa juu yake inafungia unyevu ndani. Mengi ya hayo hayafundishwi darasani.

"Ndoo zote zilizoandikwa Venice ni kitu kimoja"

Nyingi zina akriliki, ambayo ni plastiki. Hukauka kwa kupoteza maji tu, haigeuki jiwe. Si haramu kuitumia, lakini ukijifunzia hiyo mkono wako utazoea muda usio sahihi. Soma kilichoandikwa kwenye ndoo kabla ya kulipa.

"Itaficha kasoro za ukuta"

Itazitangaza. Kila tabaka ni jembamba, chini ya milimita moja, na uso unaong'aa huonyesha kila bonde. Kabla ya kupaka chochote, zima taa, kisha mulika tochi ukiilaza pembeni mwa ukuta. Utaona mawimbi ambayo mchana hukuyaona. Rudia lipu, piga puti, piga msasa, mulika tena. Sehemu kubwa ya kazi ni hapa, na mwalimu anayekukabidhi kibao kilichokwisha andaliwa amekunyima nusu ya somo.

"Kozi ya siku mbili na cheti vinatosha"

Niliwahi kulipia mafunzo ya namna hiyo. Tulikuwa watu ishirini na miiko minne. Asubuhi tulitazama, mchana kila mmoja alipaka kipande cha ukubwa wa gazeti, jioni tukapigwa picha na vyeti, na mlangoni zilipangwa ndoo za kuuzwa. Sikumchukia mtu, ila nilirudi nyumbani nikashindwa kupaka hata nyuma ya mlango.

Sasa anayeniuliza pa kujifunza namwambia aulize haya kabla ya kutoa pesa. Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Nitashika mwiko saa ngapi kwa siku? Tutatumia chokaa au akriliki? Nitaandaa ukuta mwenyewe? Na lililo kubwa: naomba kuona ukuta uliopaka miaka miwili iliyopita, si picha yake. Anayekwepa swali la mwisho, mwache.

Kama hujawahi kupiga lipu kabisa, anzia huko. Nchini Tanzania VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha uashi na upakaji rangi. Kenya kuna majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Huko hutapata marmorino, lakini utatoka ukijua ukuta ulionyooka, na huo ndio unaobeba kila kitu. Video nazo zinasaidia, ila haziwezi kukuonjesha lile jambo moja: wakati. Tabaka la mwisho husuguliwa likiwa limeshika lakini halijakauka, na utalijua kwa sauti ya mwiko inavyobadilika. Kwenye joto na upepo wa pwani dakika hizo ni chache mno, kwa hiyo funga madirisha na usipake ukuta unaopigwa jua.

"Inafaa hata bafuni kwenye maji"

Nta inayopakwa juu ya plasta hii huzuia matone, haizuii bomba la mvua la kila siku. Kwa maji ya namna hiyo Wamoroko wana tadelakt, plasta yao ya chokaa, inayokandamizwa kwa jiwe na kupakwa sabuni nyeusi. Ni somo lake peke yake.

"Chokaa ni ya asili, haidhuru"

Chokaa mbichi huunguza ngozi na inaweza kupofusha. Vaa miwani na glavu tangu siku ya kwanza, na weka maji safi karibu.

Kwa kuanzia, nunua mwiko mmoja mzuri wa chuma kisichoshika kutu, uviringishe pembe zake kwa msasa mwembamba zisichore. Mwiko wa bei rahisi huacha alama za kijivu kwenye chokaa nyeupe. Kata vibao kumi vya kujifunzia, vya sentimita 60 kwa 60. Andika tarehe nyuma ya kila kimoja, na usikitupe hata kile cha kwanza.