Eti instola ya Linux lazima uiandike mwenyewe?

Kila kijana hapa Mwanza akipata wazo la kutengeneza Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) ya shule au ya ofisi yake ananijia na maneno yaleyale: kaka, instola (programu ya kuuweka mfumo kwenye kompyuta) naandika mwenyewe kwa Python, si inakopi mafaili tu kwenye diski? Hapana jamani, na nimechoka kulirudia hili mdomoni ndo maana naliandika.

Skrini ya kuchagua lugha na vitufe vyake ni kazi ya jioni moja. Shughuli iko kwenye partishoni, yaani vipande vya diski: kuipunguza ya Windows bila kuua data za mtu, kujua mashine imewaka kwa UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta) au BIOS (wa zamani), kuweka ile partishoni ya FAT32 kama ni UEFI, kisha GRUB, programu inayoiwasha Linux, ikae panapotakiwa. Skripti ninazoletewa nyingi zimeandikwa /dev/sda (jina ambalo Linux huipa diski ya kwanza) hivihivi, sasa kuna mashine ukiwasha kwa flashi, flashi yenyewe ndo inakuwa sda na diski inakuwa sdb, na zenye NVMe (diski za kisasa zenye majina yao mengine) hazina sda kabisa, kwa hiyo skripti inafuta flashi au inakwama, au mbaya zaidi inamaliza vizuri halafu ukichomoa flashi majina yanahama na mashine haiwaki. Fstab, lile faili linaloiambia Linux ifungue partishoni zipi ikiwaka, inaandikwa kwa UUID (namba ya kipekee ya partishoni isiyohama), siyo kwa jina la diski!

Calamares, instola iliyo tayari, imeshayamaliza hayo yote. Imetengenezwa makusudi isifungwe na distro (aina ya Linux) moja, Lubuntu wanaitumia, Manjaro pia, na partishoni inazishughulikia kwa maktaba ya KPMcore, ileile iliyo ndani ya KDE Partition Manager, programu ya kugawa diski. Wewe unafungua faili lake la settings.conf unapanga hatua, partition, mount, unpackfs, fstab, users, bootloader, unaweka nembo ya shule yako, basi. Kikikosekana kitu andika moduli ndogo ya Python, hamu yote ya kuandika ipeleke huko.

Mengine haraka haraka. Eti lazima instola ivute pakiti (programu za mfumo) mtandaoni: siyo kweli, live-build, zana ya distro ya Debian, inakupa ISO (faili la kuweka kwenye flashi ya kuwashia) yenye squashfs ndani, yaani mfumo mzima uliobanwa, unpackfs inaimwaga kwenye diski, maabara nzima ya shule kule Ukerewe unaipiga bila bando.

Eti squashfs ibanwe kwa xz, njia mojawapo ya kubana, kwa kuwa ISO inakuwa ndogo. Ndogo ni kweli, ila kwenye prosesa ya zamani kama Core 2 Duo kuifungua ni mateso, na kwa umeme wetu huu sitaki diski ikatikiwe katikati, weka zstd inayofunguka haraka.

Eti tuweke systemd-boot, ya kuwasha Linux pia, kwa kuwa ni nyepesi kuliko GRUB. Inawaka kwenye UEFI tu, na hizi desktop za mtumba nyingi ni BIOS.

Eti ikiwaka kwenye VirtualBox, programu ya kuigiza kompyuta (VM), imeiva. VM haikwambii kama firmware ya WiFi (programu ndogo inayohitajiwa na kadi ya WiFi) imekosekana! Debian wameiweka kwenye instola yao rasmi tangu toleo la 12 mwaka 2023, lakini ISO yako ya live-build ongeza sehemu ya non-free-firmware mwenyewe, kisha jaribu kwenye QEMU (VM nyingine) kawaida, rudia na OVMF inayoiga UEFI, halafu ipige kwenye mashine halisi moja ya BIOS na moja ya UEFI kabla hujamgawia mtu flashi.