Warsha, kambi na maonyesho ya shanga: watu wanavyoamini na ukweli ulivyo

Nimekaa kwenye meza za kutunga shanga miaka kadhaa sasa, warsha za siku moja, kambi za siku nne tano ambazo mnalala hukohuko na kazi ni shanga na vito tu asubuhi mpaka usiku, na yale maonyesho makubwa yenye wauzaji na madarasa humohumo. Na kila mara nakutana na mtu ambaye angefurahi sana kuwepo ila hakuja, au alikuja akaondoka na huzuni, kwa sababu ya neno aliloambiwa ambalo si kweli. Linaniuma hilo. Kwahiyo naandika hapa yale ninayoyasikia mara kwa mara na kila moja nalijibu kwa ninavyojua.

"Mpaka uwe fundi kwanza ndo uende"

Hii nadhani imezuia watu wengi kuliko zote. Madarasa mengi yanapangwa kwa ngazi, wanaoanza, wa kati, waliobobea, na likiandikwa la wanaoanza basi hata kama hujawahi kushika sindano ya shanga maishani unakaribishwa na wala hakuna atakayekushangaa. Shida halisi iko upande mwingine kabisa. Watu wanaona neno "wa kati" wanadhani linahesabu miaka, kumbe linahesabu mishono unayoijua. Mtu anaweza kuwa ametunga shanga miaka 10, mikufu ya uzi mmoja tu, mizuri kabisa, halafu akaingia darasa linalotaka ujue peyote ya mviringo (peyote ni mshono ambao shanga zinapangwa kwa kupishana kama matofali), basi masaa mawili ya kwanza anahangaika na kitu ambacho wenzake wamekuja nacho, na mwisho wa siku anarudi nyumbani anaamini yeye hana kipaji. Ana kipaji, alikaa meza isiyo yake tu.

Kwahiyo kabla hujalipia tafuta pale palipoandikwa unatakiwa uwe unajua nini. Kama hapajaandikwa muulize mwalimu: nije najua mshono gani, na niwe nimeshawahi kumaliza mwenyewe kazi nzima ya mshono huo, mwanzo mpaka mwisho? Walimu hawachukii hili swali, wanalipenda, maana linawaokoa na wao pia.

"Siku hizi kuna video, warsha ya nini"

Video nazipenda, nimejifunza mengi huko na naendelea kuzitazama. Lakini video haikuoni. Kuna kipindi kila kipande changu cha peyote kilikuwa kinapinda kama upinde, nikifika sentimita nne tano tu kinaanza kwenda upande mmoja, nafumua, narudia, nabadilisha uzi, nabadilisha sindano, ikawa hivo miezi. Siku nimekaa warsha mwalimu akapita nyuma yangu, akasimama kama nusu dakika, akasema dada, kila ukigeuka kulia unavuta uzi kwenda juu, ukigeuka kushoto unauvuta kuja kwako. Basi ndo hicho tu, ukingo mmoja ulikuwa umekazwa kuliko mwenzake. Video zote nilizotazama zilinionyesha mikono ya mtu mwingine ikifanya vizuri, na mimi nilikuwa nahitaji mtu wa kutazama mikono yangu ikikosea.

Kwenye waya ni hivohivo. Vile vipete vidogo vya kuungia kifungio, watu wengi wanavifungua kwa kuvitanua, wanavuta ncha huku na huku, na kipete kilichotanuliwa hakirudi kuwa duara tena, kinabaki na mwanya na siku moja mkufu unadondoka. Unatakiwa usukume ncha moja mbele na nyingine nyuma kwa plaizi mbili, ukifunga unarudisha njia ileile. Ni kitu cha sekunde kumi ukionyeshwa na mtu aliye pembeni yako, na nimekutana na watu waliokuwa wanauza hereni bila kukijua.

"Darasa zuri ni lile unalotoka umevaa kito chako"

Hapa naomba tukae kidogo maana hii ndo inayoleta machozi, na nasema machozi kweli, nimeyaona. Mtu amelipa, amesafiri, saa ya mwisho anaangalia wenzake wanaweka kifungio na yeye yuko nusu.

Tufanye hesabu. Chukua shanga aina ya Delica, zenye umbo la bomba, za Miyuki, ile kampuni ya Japani, saizi 11/0 (namba hizi nitazieleza chini), kila moja ina upana wa kama milimita 1.6 na urefu wa milimita 1.3. Bangili ya peyote yenye upana wa sentimita 2.5 na urefu wa sentimita 17 inakula kama shanga 2,000, na kwenye peyote unaweka shanga moja moja. Mtu anayejifunza tuseme anaweka shanga 5 kwa dakika bila kusimama, hizo ni dakika 400, yaani karibu masaa 7, na hapo hajafumua hata mara moja, hajatia uzi mpya, hajanyoosha shingo. Darasa lenyewe ni la masaa 6. Sasa atamaliza vipi? Hakuna aliyekusudia amalize.

Mwalimu anayejua kazi yake anataka utoke umeshika sehemu nne: kuanza, kugeuka pembeni, kuongeza uzi mpya katikati ya kazi, na kuweka kifungio. Katikati ni kurudia tu, hiyo utaifanya nyumbani. Kwahiyo ukiona mko nusu ya muda na wewe bado uko mistari ya mwanzo, usiongeze kasi, kasi inaharibu mkazo wa uzi. Mwite mwalimu mapema, usingoje dakika za mwisho ambapo kila mtu anamwita, mwambie naomba unionyeshe mwisho kwenye kipande kingine. Walimu wengi wanakuja na vipande vilivyoishia hatua tofauti tofauti kwa sababu hiyohiyo. Mimi sa hivi naenda na shanga chache za pembeni, rangi yoyote, natengeneza kipande chembamba cha majaribio chenye mwanzo na mwisho wake, kile cha darasani namalizia kwangu taratibu.

"Kambi ni warsha ndefu tu"

Hapana, ni vitu viwili. Warsha ina mwalimu na kazi moja. Kambi nyingi zina masaa marefu ya meza huria, kila mtu na kazi yake, pengine ile aliyoiacha miaka miwili kwenye mfuko, na masomo yakiwepo ni machache. Mtu aliyekwenda kambini akitegemea kufundishwa kutwa atajiona ametapeliwa, na mtu aliyekuwa anataka kukaa na kazi yake kimya akijiandikisha warsha tatu mfululizo atachoka mpaka achukie shanga. Soma ratiba yenyewe.

Na kwenye kambi watu wanajiumiza. Furaha ya kukaa na wenzako inafanya usiinuke, masaa matano shingo imeinama, siku ya pili vidole vimekaza. Kwa upande wa macho, wataalamu wanashauri kila dakika 20 utazame kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, na mimi naongeza, weka sindano chini kabisa, fungua viganja. Kambi ya siku nne ukitumia mikono yako vibaya siku ya kwanza zile tatu zilizobaki unakuwa mtazamaji.

"Maonyesho ni mahali pa vitu halisi kwa bei ya jumla"

Kuna ukweli ndani yake lakini nusu. Tucson, Arizona, huko Marekani, ndo jina linalotajwa zaidi, ilianza mwaka 1955 kama maonyesho ya mawe na madini ndani ya shule ya msingi, na leo kila mwaka kuanzia mwisho wa Januari mpaka Februari ni maonyesho mengi tofauti yaliyosambaa mji mzima, kwenye hoteli, mahema, kumbi. Sasa baadhi yako wazi kwa yeyote, na mengine, kama AGTA GemFair, yale ya chama cha wafanyabiashara wa vito, ni ya wafanyabiashara tu na lazima uonyeshe hati za biashara ndo uingie. Watu wanafunga safari ndefu halafu wanasimamishwa mlangoni. Hata kwenye maonyesho madogo kuna sehemu za jumla zenye masharti hayohayo, uliza kabla.

Kuhusu uhalisi. Feruzi, lile jiwe la buluu, ndo inayodanganya wengi. Kuna mawe mawili, haulaiti na magnesaiti, asili yake meupe, yananyonya rangi vizuri na yanaweza kuwa na mishipa mishipa inayofanana na ya feruzi, yakitiwa rangi ya buluu mtu asiyezoea hatofautishi. Na hata feruzi ya kweli nyingi imetiwa gundi maalum ili isimumunyuke, huo si udanganyifu kama muuzaji anakuambia. Tatizo ni kutokuambiwa. Mimi namuuliza muuzaji maneno matatu, jiwe gani, limefanyiwa nini, utaniandikia kwenye risiti? Anayekataa kuandika naweka chini naondoka.

Nyingine ni "German silver", yaani "fedha ya Kijerumani". Haina fedha ndani yake hata kidogo, ni shaba, zinki na nikeli, na nikeli ndo inayowawasha watu wengi masikioni. Ukitaka fedha tafuta alama ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha.

Na shanga zenyewe za kioo, zile za mviringo: namba ikipanda shanga inapungua. 6/0 ni kama milimita 4, 8/0 kama 3, 11/0 kama 2, 15/0 kama 1.5. Ila 11/0 ya Japani na 11/0 ya Jamhuri ya Czech hazikai sawa kwenye kazi moja, za Czech zina umbo la duara lililobonyea na zinatofautiana kidogo kidogo, zinapendeza sana kwenye kazi fulani, lakini peyote yako itaenda mawimbi ukichanganya bila kupanga. Pia kama rangi umeipenda nunua ya kutosha kazi yote siku hiyohiyo, kwa sababu rangi hutoka kwa mafungu na fungu linalofuata linaweza lisifanane.

"Nimelipia darasa, mchoro ni wangu"

Kile kitabu kidogo cha maelekezo ni kazi ya mwalimu, amekaa nacho wiki na wiki. Kukitolea kopi ukawagawia wenzako, au kwenda kulifundisha lile lile darasa, ni kumnyang'anya riziki. Kuuza kito ulichoshona mwenyewe ni suala jingine, walimu wanatofautiana, wengine wanaruhusu ukitaja jina, uliza. Picha nazo hivohivo, hasa kwenye meza za maonyesho, omba kwanza.

Lakini mshono wenyewe hauna mwenyewe, hakuna mtu mmoja anayeweza kusema peyote ni yake. Jina hilo limetokana na vitu vya shanga vya ibada za Wenyeji wa Marekani, na ule mshono wa Ndebele umepata jina kwa watu wa Ndebele wa kusini mwa Afrika. Nafurahi mwalimu akianza darasa kwa kulisema hilo, na nasikitika akiliruka. Nimeshasikia mtu akisema mezani kwamba hii ni sanaa ya kisasa ya kupitishia muda. Pango la Bizmoune huko Moroko zimepatikana shanga za makombe yaliyotobolewa, zina miaka kati ya 142,000 na 150,000. Pango la Blombos, Afrika Kusini, kama miaka 75,000. Watu walikuwa wanatoboa makombe na kuyavaa kabla ya kulima, kabla ya vyungu.

"Ni mambo ya kinamama na wazee." Si kweli, nimekaa na wavulana wa miaka 19 na mafundi wa kiume wenye mikono mizito wanaoshona 15/0. Tuendelee.

"Mwalimu yupo, moto hauna hatari"

Darasa la kulehemu fedha au kuyeyusha kioo kwa tochi ya gesi mwalimu anaangalia watu wanane kwa mara moja, nguo yako hawezi kuivua yeye. Vaa pamba, nailoni ikishika moto inayeyukia kwenye ngozi. Nywele zifungwe, viatu vifunike vidole, mitandio iwekwe mbali. Uliza kama chumba kinapitisha hewa, na kama kuna mtu amekuja na solda (madini ya kulehemia) ya zamani aliyorithi isiguswe mpaka ijulikane ina nini, maana baadhi za zamani zina kadimiamu na moshi wake ni sumu. Kioo kinapopata moto kinatoa mwanga mkali wa njano, kuna miwani yake maalum, miwani ya jua haisaidii. Na usitumbukize koleo la chuma kwenye maji ya asidi ya kusafishia fedha, chuma kikiingia mle fedha yote iliyomo inavaa rangi ya shaba, na inaweza kuwa kazi ya darasa zima. La shaba ndo linatumika.

"Watakupa kila kitu, nenda mikono mitupu"

Wanakupa shanga na uzi wa ile kazi mara nyingi, ndani ya ada au kwa malipo ya pembeni. Taa ndo inayosahaulika. Kumbi nyingi zina mwanga wa juu ambao unaweka kivuli cha kichwa chako palepale unaposhona, na rangi mbili za buluu zilizokaribiana huzioni tofauti mpaka utoke nje. Chukua taa yako ndogo yenye betri, maana soketi hazifiki kila meza, kioo chako cha kukuzia kama macho yanataka, sindano zako namba 10 na 12, mkasi mdogo, na kitambaa kinene chenye manyoya kidogo cha kumwagia shanga zisikimbie. Mwandikie mwalimu wiki moja kabla umuulize kinakosekana nini. Na kama unashona kwa mkono wa kushoto mwambie hapohapo, ili akuandalie michoro iliyogeuzwa au akupange ukae mbele yake uso kwa uso.