Mbona mwenzake kapigwa picha nyingi? Vipimo kabla ya upasuaji wa saratani ya kibofu

Baba anasubiri kuondolewa kibofu cha mkojo. Kafanyiwa CT (eksirei ya kompyuta) ya tumbo na kifua tu, ila mgonjwa wa kitanda cha jirani kafanyiwa na MRI (picha ya sumaku) na picha ya mifupa. Je, baba amepunjwa?

Si lazima. Kabla ya kutoa kibofu, daktari anatafuta mambo mawili: saratani imezama kiasi gani, na je, imeshatoka kwenda kwenye tezi za limfu, ini, mapafu au mifupa? Ikiwa imeshafika mbali, kutoa kibofu hakutamponya, na huenda akaanza na dawa. Ndiyo maana CT ya tumbo, nyonga na kifua ni msingi. Picha ya mifupa ni ya mwenye maumivu ya mifupa au dalili nyingine za kutia shaka. Hata miongozo ya madaktari haifanani: wa Ulaya unataka CT ya kifua, wa Marekani unataka kifua kipigwe picha bila kulazimisha iwe CT.

Na MRI?

Inaonyesha misuli ya kibofu vizuri kuliko CT. Tangu 2018 upo utaratibu wa kuisoma kwa alama 1 hadi 5. Alama ikipanda, ndivyo inavyoelekea kwamba uvimbe umeingia kwenye misuli. Hata hivyo, jibu la kina cha saratani bado linategemea sana kinyama kilichokatwa kwa kamera inayopitishwa njia ya mkojo ili kipimwe maabara. Hospitali isiyo na MRI haijamnyima baba upasuaji salama.

Picha ipigwe lini?

Hapa ndipo naomba familia ziulize, maana watu wengi hawaambiwi. Inafaa ipigwe kabla uvimbe haujakwanguliwa kwa kamera. Ukishakwanguliwa, ukuta wa kibofu huvimba na kuwa mnene, na kwenye picha kidonda kinachopona hufanana na saratani. Ikiwa ilishapigwa baadaye, anayesoma picha aambiwe tarehe ya kukwanguliwa.

Jambo jingine ni kichocho. Waliokulia kando ya Ziwa Victoria au Pemba, na utotoni wakakojoa damu, waseme. Vimelea vya kichocho cha mkojo vilitambuliwa rasmi mwaka 1994 kuwa chanzo cha saratani, na kibofu kilichoishi navyo miaka mingi huwa na kuta nene zenye chokaa. Msomaji wa picha asiyejua historia hiyo anaweza kupotea.

Figo za baba zimejaa maji. Anaweza kufanyiwa CT?

Mara nyingi ndiyo, ila kwanza apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kwa sababu dawa inayochomwa mshipani ili picha ionekane vizuri hupita kwenye figo. Figo kujaa maji kwenyewe ni habari nzito: uvimbe huenda umeziba mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo, na mara nyingi ni dalili kwamba umezama. Altrasaundi ya kawaida inatosha kuona figo zilizojaa maji.

Picha yake ni ya miezi minne iliyopita. Inafaa bado?

Muulizeni daktari wake wiki hii kama irudiwe. Saratani iliyoingia kwenye misuli haingoji. Upasuaji ukichelewa zaidi ya miezi mitatu tangu igundulike, matokeo huwa mabaya zaidi. Bebeni filamu au CD ya zamani pamoja na karatasi ya majibu ya kinyama, ili picha mpya ilinganishwe na ile ya kwanza.